Mwuza Peremende Aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kawaida methali hiyo huambiwa mwenye duka, ili asichanganye fedha za dukani na fedha za jikoni. Huko Ukraine ilimhusu mtu aliyeshika madaftari mawili kwa wakati mmoja, moja la viwanda vyake mwenyewe na jingine la dola nzima iliyokuwa vitani. Mtu huyo ni Petro Poroshenko, mtengenezaji wa peremende na chokoleti, ambaye aliingia bungeni mwaka 1998, akapanda ngazi za siasa hadi kuwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu mwaka 2014, kisha akaondolewa kwa kura za wananchi mwaka 2019.

Habari za mtu huyu zinafaa kusomwa katika nyumba za askari kuliko nyumba nyingine zote. Askari hana fursa ya kumchagua mtu wa kumnunulia kofia ya chuma, wala mke wake hapewi nafasi ya kukagua bei ya kipuri cha kifaru. Wote wawili hawana budi kuamini kwamba aliye juu hahesabu faida yake pale wao wanapohesabu siku za mume na baba kurudi nyumbani. Imani hiyo ndiyo iliyompandisha Bwana Poroshenko, na kupungua kwake ndiko kulikochangia sana kumshusha.

KIJANA WA BOLHRAD

Petro Poroshenko alizaliwa tarehe 26 Septemba 1965 katika mji mdogo wa Bolhrad, kusini-magharibi mwa Ukraine, karibu na mpaka wa Moldova. Wakati huo Ukraine ilikuwa mojawapo ya jamhuri za Muungano wa Kisovieti. Sehemu ya ujana wake aliipitisha Moldova. Hatimaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Kyiv kusomea uhusiano wa kimataifa, akahitimu mwaka 1989. Masomo hayo yalikatizwa na utumishi wa lazima katika jeshi la Kisovieti kati ya mwaka 1984 na 1986. Kwa hiyo, mtu ambaye baadaye angewaamuru majenerali alipata kwanza kuonja maisha ya askari wa kawaida anayeamriwa na kila mtu.

Mwaka 1984, kabla ya kufikisha umri wa miaka 20, alimwoa Maryna, aliyesomea udaktari na kuwa bingwa wa maradhi ya moyo. Mungu aliwajalia watoto 4. Miongoni mwa wanafunzi wenziwe chuoni alikuwamo kijana kutoka Georgia aliyeitwa Mikheil Saakashvili, ambaye naye alikuja kuwa Rais wa nchi yake. Jina hilo litarejea katika habari hizi, maana urafiki wa chuoni haukuishia chuoni.

KUTOKA KAKAO HADI ROSHEN

Tarehe 24 Agosti 1991 Ukraine ilitangaza uhuru wake, na mwishoni mwa mwaka huo Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Viwanda ambavyo kwa miaka 70 vilikuwa mali ya dola vikawa havina mwelekeo. Mishahara ilicheleweshwa, bei zilipanda kila wiki, na malighafi zilizokuwa zikiletwa kwa mpango wa serikali zikakoma kuja. Kiwanda cha chokoleti kisicho na kakao ni ghala tupu lenye mitambo.

Hapo ndipo Poroshenko alipoiona riziki yake. Alianza kwa kuviuzia viwanda hivyo kakao, na kadiri miaka ilivyokwenda akaanza kununua hisa za viwanda vyenyewe, kwani serikali ilikuwa ikivibinafsisha. Kimojawapo kilikuwa kile cha mjini Kyiv, ambacho zamani kiliitwa kwa jina la Karl Marx. Mwanafalsafa aliyefundisha kwamba viwanda viwe mali ya wote alikuwa amempisha tajiri mmoja.

Mwaka 1996 viwanda hivyo viliunganishwa chini ya jina moja la Roshen, nalo lilipatikana kwa kuchukua herufi za katikati za jina Poroshenko. Hivyo kila mtoto aliyefungua peremende hiyo alikuwa akifungua kipande cha jina la mwenye mali. Mbali na peremende, alikuwa na biashara ya magari, kiwanda cha kutengeneza meli huko Sevastopol, na kuanzia mwaka 2003 kituo cha televisheni kilichoitwa Kanali 5. Kufikia mwaka 2014 jarida la Forbes la Marekani lilikadiria kwamba mali yake ilikuwa na thamani ya dola bilioni 1.3. Watu walimpa jina la utani, Mfalme wa Chokoleti.

BUNGENI, NA VYAMA VINGI

Katika Ukraine ya miaka ile, tajiri asiye na mtu serikalini alikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Kodi, leseni na hukumu za mahakama zilitegemea nani anafahamiana na nani. Kwa sababu hiyo matajiri wengi waliwaweka watu wao bungeni, na wengine waliingia wenyewe. Poroshenko alikuwa miongoni mwa walioingia wenyewe. Alichaguliwa mbunge mwaka 1998 kutoka Vinnytsia, mji wenye kiwanda chake kimoja kikubwa. Ni katika mji huo huo ambapo kampuni yake ilijenga, mwaka 2011, chemchemi kubwa ya maji na taa za rangi ndani ya mto, ambayo wageni walisafiri kwenda kuitazama.

Safari yake ya vyama ilikuwa na kona nyingi. Alianza katika chama cha Kisoshalisti-Kidemokrasia kilichomuunga mkono Rais Leonid Kuchma. Mwaka 2000 akaunda chama chake, Mshikamano. Mwaka 2001 akashiriki katika kuanzisha kundi lililokuja kuwa Chama cha Mikoa, yaani chama cha Viktor Yanukovych. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekwishahamia upande wa pili, kwa Viktor Yushchenko, aliyekuwa mpinzani wa Kuchma.

Kwa Yushchenko alidumu zaidi. Walikuwa marafiki wa karibu hata Yushchenko akawa baba wa ubatizo wa mabinti zake pacha. Mwishoni mwa mwaka 2004, uchaguzi wa Rais ulipochafuliwa kwa wizi wa kura, maelfu kwa maelfu ya watu walijaa katika viwanja vya Kyiv wakiwa wamevaa vitambaa vya rangi ya chungwa. Vituo vingi vya televisheni vilinyamaza, ila Kanali 5 kiliwaonyesha. Kura zilirudiwa tarehe 26 Desemba 2004, naye Yushchenko akashinda.

Malipo ya uaminifu hayakukawia. Mwanzoni mwa mwaka 2005 Poroshenko alifanywa Katibu wa Baraza la Usalama na Ulinzi wa Taifa. Inasemekana alitazamia uwaziri mkuu, lakini cheo hicho kilikwenda kwa Bibi Yulia Tymoshenko, ambaye naye alitajirika kwa biashara ya gesi. Wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Tuhuma za rushwa ziliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na Septemba mwaka huo huo Yushchenko akawaondoa wote wawili. Poroshenko alizikana tuhuma hizo, wala hazikuthibitishwa mahakamani.

Baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia Oktoba 2009 hadi Machi 2010, katika miezi ya mwisho ya Yushchenko. Kisha mwaka 2012, jambo lililowashangaza wengi, alikubali kuwa Waziri wa Uchumi na Biashara katika serikali ya Yanukovych, mtu yule yule ambaye umati wa mwaka 2004 ulimkataa. Wafuasi wake walisema mwenye ujuzi hana budi kuitumikia nchi chini ya serikali yoyote. Mahasimu wake walisema mfanyabiashara hutafuta kivuli popote palipo na mti. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake.

UWANJA WA KYIV

Mwezi Julai 2013 Urusi ilipiga marufuku peremende za Roshen kwa madai kwamba hazifai kwa afya. Watu wengi waliitazama marufuku hiyo kama onyo kwa Ukraine, iliyokuwa ikijiandaa kutia saini mkataba wa ushirikiano na Umoja wa Ulaya. Tarehe 21 Novemba 2013 serikali ya Yanukovych iliusimamisha mkataba huo. Wanafunzi wakatoka uwanjani, polisi wakawapiga, na wazazi wao wakatoka kwa wingi zaidi.

Tarehe 1 Desemba 2013, umati ulipotaka kuvunja safu ya askari mbele ya ofisi za Rais kwa kutumia tingatinga, Poroshenko alipanda juu ya mtambo huo akiwa na kipaza sauti, akawasihi watu wasikubali kuchokozwa. Picha hiyo ilienea pote. Matajiri wengine waliutazama uwanja kutoka madirishani; yeye alionekana akiwa kwenye baridi pamoja na watu, na televisheni yake ikarusha matangazo usiku na mchana.

Februari 2014 damu ilimwagika. Waandamanaji wapatao 100 waliuawa wakati wa maandamano hayo, na askari polisi kadhaa nao walipoteza maisha. Yanukovych alikimbia. Urusi ikaitwaa rasi ya Crimea mwezi Machi, pamoja na kiwanda cha meli cha Sevastopol alichokuwa nacho Poroshenko. Mwezi Aprili watu wenye silaha, wakisaidiwa na Urusi, walianza kuiteka miji ya mashariki katika eneo la Donbas.

Katika hali hiyo ya hofu, wananchi walimtafuta mtu mwenye uzoefu. Bondia mashuhuri Vitali Klitschko aliacha kugombea akamuunga mkono Poroshenko. Katika kampeni yake Poroshenko aliahidi maisha ya namna mpya. Aidha, aliahidi jambo moja lililo wazi kabisa: akichaguliwa, atauza Roshen, ili ashughulikie taifa peke yake. Tarehe 25 Mei 2014 alipata kura takriban asilimia 54.7 katika duru ya kwanza. Tarehe 7 Juni akaapishwa.

JESHI LISILO NA VIATU

Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa jeshi kwa jina. Mwezi Machi 2014 kaimu Waziri wa Ulinzi, Ihor Tenyukh, alikuwa amekwisha kuliambia bunge kwamba kati ya askari wa nchi kavu wapatao 41,000, walio tayari kupigana walikuwa kama 6,000 tu. Kwa miaka zaidi ya 20 silaha ziliuzwa, maghala yalioza, na bajeti ilililiwa njiani.

Pengo hilo lilizibwa na nyumba za watu. Wanamama walisuka nyavu za kuficha vifaru katika madarasa na maktaba. Wazazi walichangishana fedha ili kuwanunulia wana wao fulana za kuzuia risasi, darubini na viatu. Wastaafu walipika vyakula vikavu na kuvifunga katika mifuko. Vijana wenye magari binafsi walivipeleka vifurushi hivyo hadi mstari wa mbele. Jeshi la Ukraine lisingesimama mwaka ule bila ya majiko na vyerehani vya raia, na jambo hilo hakuna jenerali aliyelikana.

Mwezi Agosti 2014 vikosi vya Ukraine vilizingirwa katika mji wa Ilovaisk, baada ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka. Vilipokuwa vikirudi nyuma kwa njia ambayo vilidhani imekubaliwa kuwa salama, vilishambuliwa. Hesabu ya serikali ilitaja askari 366 waliouawa katika mapigano hayo. Msiba huo ndio uliomlazimisha Rais kukubali mazungumzo ya Minsk mwezi Septemba. Mapatano ya pili yalifanyika katika mji huo huo Februari 2015, wakati vita vikali vya Debaltseve vikiendelea. Mapatano hayo yalipunguza moto lakini hayakuuzima. Kila wiki majeneza yaliendelea kurudi.

Hata hivyo, haki yake apewe. Chini ya Poroshenko bajeti ya ulinzi iliongezwa mwaka hadi mwaka. Mishahara ya askari ilipanda, brigedi mpya ziliundwa, na walimu wa kijeshi kutoka Marekani, Uingereza na Kanada walikaribishwa. Mwaka 2018 Marekani ilileta makombora ya Javelin ya kupigia vifaru. Mkataba na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini tarehe 27 Juni 2014, na kuanzia tarehe 11 Juni 2017 raia wa Ukraine waliweza kusafiri katika nchi nyingi za Ulaya bila viza. Januari 2019 Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine lilipata hati ya kujitegemea kutoka kwa Patriaki Bartholomew wa Istanbul. Urusi iliposhambulia nchi nzima mwaka 2022, jeshi lililowakabili wavamizi halikuwa lile la mwaka 2014. Sehemu kubwa ya misingi yake iliwekwa katika miaka hiyo mitano.

DAFTARI LA PILI

Lakini Roshen haikuuzwa. Mwaka 2014 ukapita, mwaka 2015 nao ukapita. Rais alieleza kwamba wakati wa vita hapatikani mnunuzi wa kutoa bei ya haki. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba hisa zake zimekabidhiwa kwa wadhamini wa benki ya Rothschild, ili asiwe na sauti katika uendeshaji wa kampuni. Ilikuwa hatua, lakini haikuwa ile iliyoahidiwa. Aliyekabidhi ufunguo kwa jirani bado ni mwenye nyumba. Kanali 5 nacho kilibaki mikononi mwake, akisema hatakiuza.

Kibaya zaidi, mojawapo ya viwanda vya Roshen kilikuwa Lipetsk, ndani ya Urusi yenyewe. Huko chokoleti ziliendelea kutengenezwa na kodi kulipwa kwa serikali ambayo majeshi yake yalikuwa yakiwaua askari wa Ukraine. Rais alijibu kwamba mamlaka za Urusi zilizuia mali hiyo, hivyo isingeweza kuuzwa. Mwaka 2017 kiwanda hicho kilisimamisha kazi. Kwa mjane wa Donbas, maelezo ya kisheria hayakutosha kumfuta machozi.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Aprili 2016. Waandishi wa habari wa nchi nyingi walifichua nyaraka za siri za kampuni moja ya mawakili ya Panama. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba tarehe 21 Agosti 2014 kampuni mpya ilikuwa imeandikishwa kwa jina la Poroshenko katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, mahali ambapo matajiri wa dunia hupenda kuhifadhi mali zao. Mawakili wake walisema kampuni hiyo ilikuwa hatua ya lazima ya kuikabidhi Roshen kwa wadhamini, wala hakuna kodi iliyokwepwa.

Pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini wananchi waliitazama tarehe. Ilikuwa Agosti 2014, siku zile zile za Ilovaisk. Wakati askari wanazingirwa na mizinga, karatasi za mali ya Amiri Jeshi Mkuu zilikuwa zikiandaliwa katika kisiwa cha mbali. Sheria inaweza kukosa kosa hapo, lakini mama aliyeuza ng'ombe ili anunue fulana ya mwanawe hakuhitaji wakili wa kumfasiria.

RAFIKI, MSHIRIKA NA VIPURI

Methali husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Poroshenko aliwapa rafiki zake vyeo, na baadhi yao ndio waliomletea dhiki. Mei 2015 alimteua Saakashvili, yule mwenziwe wa chuoni, kuwa gavana wa Odesa ili apambane na rushwa. Novemba 2016 Saakashvili alijiuzulu huku akimlaumu Rais mwenyewe kwa kuwalinda wala rushwa. Julai 2017 alinyang'anywa uraia wa Ukraine, na Februari 2018 akafukuzwa nchini.

Kwa upande mmoja, ni katika utawala huo huo ambapo Ofisi ya Taifa ya Kupambana na Rushwa iliundwa, mwaka 2015, na maofisa wakalazimishwa kutangaza mali zao hadharani kwa njia ya kompyuta kuanzia mwaka 2016. Desemba 2016 serikali ilitaifisha benki kubwa kuliko zote nchini, PrivatBank, iliyokutwa na pengo la dola zaidi ya bilioni 5. Mmoja wa wenye benki hiyo alikuwa Ihor Kolomoisky, tajiri aliyekuwa ameteuliwa gavana wa Dnipropetrovsk mwaka 2014 na kuondolewa mwaka 2015. Kwa upande wa pili, wakubwa waliofungwa jela walikuwa wachache mno. Nao wananchi wa kawaida waliona bei ya gesi ikipanda na fedha yao ikishuka, kutoka takriban hryvnia 8 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2014 hadi zaidi ya 20 mwaka uliofuata.

Ndipo mwishoni mwa Februari 2019, wiki chache kabla ya uchaguzi, waandishi wa habari wachunguzi walipotoa tuhuma nzito. Walidai kwamba kikundi cha watu kilileta vipuri vya silaha kwa magendo, vingine kutoka Urusi, na kuviuzia viwanda vya silaha vya serikali kwa bei ya juu sana. Katika tuhuma hizo alitajwa Oleh Hladkovskyi, naibu katibu wa kwanza wa Baraza la Usalama na Ulinzi, ambaye zamani alikuwa mshirika wa Poroshenko katika biashara ya magari. Hladkovskyi alikana. Rais alimwondoa kazini mwanzoni mwa mwezi Machi.

Kati ya tuhuma zote, hiyo ndiyo iliyochoma. Rushwa ya bandarini humwumiza mlipa kodi. Rushwa ya vipuri humfikia askari mwenyewe, pale kifaru kinapozimika mbele ya adui.

HUKUMU YA KURA

Poroshenko alikwenda kwenye uchaguzi wa mwaka 2019 na maneno matatu yaliyobandikwa nchi nzima: Jeshi, Lugha, Imani. Hayakuwa maneno matupu, kwani katika yote matatu alikuwa na kazi ya kuonyesha. Mpinzani wake, Volodymyr Zelensky, alikuwa mchekeshaji asiyewahi kushika cheo chochote. Watu walimjua kwa mchezo wa televisheni uliooneshwa tangu mwaka 2015, ambamo aliigiza mwalimu wa shule anayechaguliwa ghafla kuwa Rais mwaminifu. Mchezo huo ulirushwa na kituo cha Kolomoisky.

Tarehe 19 Aprili 2019 wagombea hao wawili walikutana katika uwanja mkubwa wa michezo wa Kyiv mbele ya maelfu ya watu. Katikati ya mabishano Zelensky alipiga magoti kwa heshima ya wale waliofiwa vitani, na Poroshenko naye akapiga magoti. Kwa muda mfupi makelele ya siasa yaliwapisha wenye msiba.

Siku mbili baadaye kura zilihesabiwa. Zelensky alipata asilimia 73.22, na Poroshenko asilimia 24.45. Usiku ule ule Rais alikubali kushindwa, akampigia mwenziwe simu ya pongezi, na tarehe 20 Mei akamkabidhi madaraka. Hakuna kifaru kilichoingia barabarani. Jeshi alilolijenga lilibaki kambini na katika mahandaki yake, likimtii Amiri Jeshi mpya kama lilivyomtii wa zamani. Katika nchi ambayo Rais mmoja alitoroka usiku miaka mitano iliyotangulia, hilo halikuwa jambo dogo.

BAADA YA CHEO

Poroshenko alirudi bungeni mwaka 2019 akiongoza chama cha Mshikamano wa Ulaya. Desemba 2021 alishtakiwa kwa tuhuma za uhaini, kwamba mwaka 2014 na 2015 alishiriki katika mpango wa kununua makaa ya mawe kutoka maeneo yaliyoshikwa na waasi. Alizikana tuhuma hizo akisema ni njama za kisiasa. Ingawa alikuwa nje ya nchi, tarehe 17 Januari 2022 alirudi Kyiv kwa hiari yake, na mahakama ikamwacha huru bila dhamana wakati kesi ikiendelea.

Wiki tano baadaye, tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine kutoka pande kadhaa. Poroshenko hakukimbia. Alionekana katika mitaa ya Kyiv pamoja na raia waliojitolea, akiwa na bunduki ya Kalashnikov, na tangu hapo ametoa mali nyingi kuwanunulia askari magari na vifaa. Hata hivyo ugomvi wake na mrithi wake haukuisha. Februari 2025 Rais Zelensky alimwekea vikwazo vilivyozuia mali zake, kwa maelezo ya usalama wa taifa. Poroshenko aliviita vikwazo hivyo kinyume cha katiba. Wapo watu wa pande zote waliohofia kwamba vita visiwe kisingizio cha kumnyamazisha mpinzani.

Maisha ya mtu huyu hayaruhusu hukumu ya neno moja. Yeye ndiye aliyelikuta jeshi bila viatu akaliacha na makombora. Yeye ndiye pia aliyeahidi kuuza duka lake asiliuze, na kila jema alilofanya likatazamwa kwa jicho la shaka kwa sababu hiyo. Kama angeliuza viwanda vyake katika kiangazi cha mwaka 2014, hata kwa bei ya hasara, huenda wale waliopiga magoti pamoja naye uwanjani wangempa miaka mingine mitano.

Mke wa askari anayetunza kijidaftari cha matumizi jikoni analijua jambo hilo bila kufundishwa. Fedha za ada ya mtoto haziwekwi katika mkebe mmoja na fedha za mboga, si kwa sababu mwenye mkebe ni mwizi, bali ili jioni, mume akirudi kazini na kuuliza, jibu liwepo na amani ibaki nyumbani.